Ugonjwa Unaomwua Chonga

Watu wa pwani wanamjua chonga. Ni mbawakawa mkubwa, mweusi, mwenye pembe moja kichwani. Mchana hujificha, kwa hiyo ni vigumu kumwona. Usiku huruka na kwenda juu ya mnazi. Huko hutoboa tundu chini ya makuti, akaingia mpaka kwenye makuti machanga ambayo bado hayajafunguka. Huyatafuna na kunywa utomvu wake.

Makuti hayo yanapofunguka baadaye, utayaona yamekatwa kama kwa mkasi. Mnazi mkubwa huweza kuvumilia, lakini huzaa nazi chache. Chonga akiufikia moyo wa mnazi, mnazi hufa. Minazi michanga ndiyo inayokufa zaidi.

Mkulima anayepoteza mnazi hapotezi mti tu. Hupoteza nazi za kupikia, mbata za kuuza, makuti ya kuezekea na makumbi ya kusuka kamba. Tena mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Kwa hiyo hasara ya usiku mmoja inaweza kuwa hasara ya miaka mingi.

Je, chonga naye haugui? Anaugua. Upo ugonjwa mmoja unaomwua, nao umeokoa minazi ya watu wengi katika visiwa vya mbali. Katika somo hili tutaona jinsi ugonjwa huo ulivyogunduliwa, jinsi kijidudu chake kilivyotafutiwa jina na ukoo, na kwa nini jina hilo lina faida kwa mkulima.

Wadudu nao huugua

Huenda umewahi kuona viwavijeshi wengi wamekufa shambani bila ya mtu kupiga dawa. Wananing'inia kwenye majani, vichwa chini. Miili yao imelegea na kuwa myeusi. Ukimgusa mmoja, ngozi hupasuka na maji mazito hutoka. Viwavi hao wamekufa kwa ugonjwa.

Magonjwa ya wadudu ni ya namna nyingi. Mengine huletwa na kuvu, yaani ukungu unaoota mwilini mwa mdudu. Mengine huletwa na bakteria. Mengine huletwa na minyoo midogo sana. Na mengine, kama huo wa viwavijeshi, huletwa na virusi.

Watu walianza kuchunguza magonjwa ya wadudu kwa sababu ya kujali mali yao. Katika nchi za Ulaya na Asia walifugwa viwavi wa hariri, ambao nyuzi zao hufumwa nguo za thamani. Viwavi hao walipokufa kwa wingi, wafugaji walifilisika. Ndipo wataalamu wakaanza kutazama miili ya viwavi waliokufa kwa hadubini, chombo kinachofanya vitu vidogo vionekane vikubwa. Katika miaka ya 1850 waliona ndani ya miili hiyo chembe ndogo zinazong'aa, zenye pande nyingi. Lakini hawakujua chembe hizo ni nini.

Kirusi ni kitu gani?

Mwaka 1892 mtaalamu wa Urusi aliyeitwa Dmitri Ivanovsky alikuwa akichunguza ugonjwa wa tumbaku. Aliponda majani yenye ugonjwa, akayachuja maji yake kwa chujio lenye matundu madogo sana, ambayo bakteria hawawezi kupita. Kisha akayapaka maji yaliyochujwa kwenye tumbaku nzima. Tumbaku ile iliugua. Basi kilichokuwa kikileta ugonjwa kilikuwa kidogo kuliko bakteria. Baadaye vitu hivyo viliitwa virusi.

Kirusi hakili wala hakipumui. Kikiwa peke yake hakiwezi kuzaana. Ni maandishi ya urithi yaliyofungwa ndani ya ganda. Lakini kikiingia ndani ya chembe hai ya mnyama, ya mdudu au ya mmea, hukishika kiwanda cha chembe hiyo na kukilazimisha kitengeneze virusi vingine vingi. Chembe hufa, na virusi hutoka kwenda kushika chembe nyingine.

Virusi ni vidogo mno hata hadubini ya kawaida haivionyeshi vizuri. Katika miaka ya 1930 ilitengenezwa hadubini ya elektroni, yenye nguvu kubwa zaidi. Kwa hadubini hiyo, mwaka 1947 mtaalamu Gernot Bergold alichunguza zile chembe zenye pande nyingi za viwavi wa hariri. Akaona kwamba ndani yake mmelala virusi vyenye umbo la fimbo fupi. Kumbe zile chembe zilikuwa kama nyumba, na virusi vilikuwa wenyeji wake.

Chonga anafika Samoa

Sasa turudi kwa chonga. Yuko chonga wa Afrika, na yuko chonga wa Asia. Wanafanana sana, lakini si mdudu mmoja. Wataalamu huwaita wote Oryctes, kisha humpa kila mmoja jina lake la pili. Wa Afrika ni Oryctes monoceros. Wa Asia ni Oryctes rhinoceros.

Samoa ni visiwa katika bahari ya Pasifiki. Watu wake wanategemea sana minazi. Zamani hapakuwa na chonga huko. Mwaka 1909 aliingia pamoja na miche ya mpira iliyoletwa kwa meli kutoka Ceylon, ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Alikuta minazi mingi na maadui wachache. Akazaana. Kisha akaenea katika visiwa vingine vya bahari hiyo. Mwaka 1953 alionekana Fiji.

Watu wa visiwa hivyo hawakukaa kimya. Walitafuta mabuu wa chonga katika magogo yaliyooza na kuwaua kwa mikono. Wataalamu wakatafuta wadudu wanaokula mabuu. Walichukua hata nyigu kutoka Zanzibar na kuwapeleka Samoa. Nyigu huyo humchoma buu, kisha hutaga yai juu ya mwili wake, na mtoto wa nyigu humla buu huyo. Nyigu hao waliishi huko, lakini hawakutosha kuizuia hasara. Chonga aliendelea kuangusha minazi.

Mabuu wagonjwa wa Malaya

Wataalamu wakajiuliza swali moja. Chonga huyu asili yake ni Asia. Huko kwao wapo chonga na minazi pia ipo. Je, huko kuna nini kinachomzuia?

Mwaka 1963 Alois Huger, mtaalamu wa magonjwa ya wadudu kutoka Darmstadt, Ujerumani, alikwenda Malaya, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Kazi yake ilikuwa kutafuta chonga wagonjwa.

Buu mzima wa chonga ni mnene, mweupe, na hujikunja kama herufi C. Hukaa ndani ya gogo lililooza au ndani ya lundo la samadi, na hapendi mwanga. Huger alikuta mabuu wa namna nyingine. Miili yao ilikuwa imevimba, inang'aa, na kama mtu anaweza kuona ndani. Hawakula. Walikuwa wameacha kina cha lundo na kupanda juu, na baadaye walikufa. Ugonjwa huo ukaitwa ugonjwa wa Malaya.

Mwuaji anajulikanaje?

Kuona maiti si kumjua mwuaji. Buu anaweza kufa kwa njaa, kwa joto, kwa sumu au kwa ugonjwa. Kwa hiyo kazi hii hufanywa hatua kwa hatua, na hakuna hatua ya kurukwa.

Kwanza, wadudu wagonjwa hulinganishwa na wazima. Mtaalamu huandika kila dalili anayoiona.

Pili, mwili wa mgonjwa hupasuliwa na kutazamwa kwa hadubini. Je, kuna kuvu? Je, kuna bakteria? Je, kuna minyoo? Kila kisichoonekana huondolewa katika orodha ya wanaoshukiwa.

Tatu, maji ya mwili wa mgonjwa huchujwa kama alivyofanya Ivanovsky, na wadudu wazima hulishwa maji hayo. Wengine huachwa bila kulishwa, ili wawe kipimo. Kama waliolishwa wakiugua na walioachwa wakabaki wazima, basi ugonjwa uko ndani ya maji yale.

Nne, hadubini ya elektroni hutumika ili kuona kirusi chenyewe, umbo lake na ukubwa wake.

Tano, kirusi hujaribiwa kwa wadudu na wanyama wengine, ili ijulikane kinamdhuru nani na hakimdhuru nani.

Huger alikiona kirusi cha chonga. Kilikuwa na umbo la fimbo fupi. Ni kidogo sana: ukivipanga virusi zaidi ya elfu nne kichwa kwa mkia, ndipo utapata urefu wa milimita moja. Mwaka 1966 alitangaza habari zake na kukipa jina lenye maana ya fimbo ndogo.

Kazi iliyofanyika Samoa

Mwaka 1967 kirusi hicho kilipelekwa Samoa ya Magharibi. Mtaalamu aliyeitwa Marschall alisimamia kazi hiyo. Mabuu waliokufa kwa ugonjwa walisagwa, na uji wao ukachanganywa katika malundo ambayo chonga hupenda kutagia mayai. Chonga walioingia humo wakaambukizwa.

Ndipo likaonekana jambo la maana. Mwanzoni watu walidhani kwamba kirusi huua mabuu tu. Kumbe hata chonga wakubwa wanaugua. Lakini chonga mkubwa hafi mara moja. Huishi kwa wiki kadhaa akiwa mgonjwa. Kirusi huzaana ndani ya utumbo wake, na utumbo huvimba na kuwa mweupe kama maziwa. Chonga huyo hali sana, na jike hutaga mayai machache au huacha kabisa kutaga. Hata hivyo anaendelea kuruka. Anakwenda juu ya mnazi, anakwenda kwenye gogo, anakutana na wenzake. Kila anapokwenda anaacha kinyesi chenye virusi. Mgonjwa mwenyewe ndiye mchukuzi wa ugonjwa.

Kwa sababu hiyo, hakukuwa na haja ya kumfuata kila chonga alipo. Baadaye wataalamu walitumia njia nyepesi zaidi. Walikamata chonga wakubwa, wakawaambukiza kirusi, kisha wakawaachia waruke. Chonga wenyewe wakafanya kazi iliyobaki.

Katika miaka michache chonga walipungua sana katika visiwa vya Samoa, na makuti mapya yalifunguka bila mikato mingi. Kirusi kikapelekwa Tonga, Fiji na visiwa vingine vya Pasifiki. Kikapelekwa pia Mauritius, ambako chonga wa Asia alikuwa ameingia katika miaka ya 1960.

Chonga hawakwisha. Kirusi kinahitaji chonga ili kiishi. Chonga wakiwa wengi, hukutana mara nyingi na ugonjwa huenea upesi. Wakiwa wachache, hukutana mara chache na ugonjwa hupungua. Kwa hiyo chonga na kirusi hubaki pamoja. Lakini mkulima wa mnazi haombi chonga wote waishe. Anaomba wawe wachache, ili minazi yake izae.

Kirusi hiki ni cha ukoo gani?

Mwaka 1966, mwaka ule ule Huger alipotangaza habari za kirusi chake, wataalamu waliokutana katika mkutano mkuu huko Moscow waliunda kamati ya mataifa ya kupanga majina ya virusi. Walikuwa na sababu. Kila mtu alikuwa akikipa kirusi jina alipendalo. Kirusi kimoja kiliweza kuwa na majina matatu, na virusi vitatu viliweza kuitwa jina moja. Bila majina yanayokubaliwa na wote, mtaalamu wa Fiji na mtaalamu wa Ujerumani hawawezi kuelewana.

Namna ya kwanza ya kuvipanga virusi ilikuwa kutazama umbo. Kirusi cha chonga kina umbo la fimbo. Virusi vya viwavi wa hariri na vya viwavijeshi navyo vina umbo la fimbo. Basi vyote vikawekwa katika ukoo mmoja ulioitwa bakulovirusi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya fimbo.

Lakini kuwapanga kwa umbo ni sawa na kuwapanga watu kwa nguo. Watu wawili waliovaa kanzu nyeupe si lazima wawe ndugu. Wataalamu waliona tofauti moja kubwa. Virusi vya viwavi hukaa ndani ya zile nyumba zenye pande nyingi. Nyumba hizo ni ngumu. Kiwavi akifa, nyumba huanguka udongoni, nazo huweza kuvilinda virusi kwa muda mrefu, hata miaka, mpaka kiwavi mwingine aje ale majani yenye udongo huo. Kirusi cha chonga hakina nyumba. Kiko uchi. Jua na ukavu hukiharibu upesi.

Kwa hiyo, mwaka 1995 kamati ilikitoa kirusi cha chonga katika ukoo wa bakulovirusi. Kwa miaka mingi kikakaa bila ukoo, kama mtoto aliyeokotwa njiani.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kusoma maandishi ya urithi. Kila kiumbe kina maandishi hayo, nayo huandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwa kwa mpangilio mbalimbali. Mtoto huyapata kutoka kwa wazazi wake. Ndiyo maana ndugu wana maandishi yanayofanana. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wamesoma maandishi yote ya kirusi cha chonga. Yana herufi zaidi ya 127,000. Walipoyalinganisha na ya virusi vingine, waliona kwamba kirusi hiki na bakulovirusi wana asili moja ya zamani sana, lakini waliachana. Si ndugu wa nyumba moja. Ni kama watu wa babu mmoja wa mbali.

Basi katika miaka ya 2010 kirusi cha chonga kikapewa ukoo wake rasmi. Unaitwa nudivirusi, maana yake virusi vilivyo uchi. Katika ukoo huo kipo pia kirusi cha nyenje, kipo kirusi cha nondo, na hata kirusi kinachowapata kamba wa baharini. Nani angedhani kwamba ugonjwa wa chonga na ugonjwa wa kamba una ukoo mmoja? Kwa kutazama mdudu peke yake usingejua.

Jina lina faida gani?

Mtu anaweza kuuliza: mkulima anapata nini katika mambo haya ya ukoo?

Anapata jambo kubwa. Kirusi chenye nyumba kinaweza kukaushwa, kutiwa ndani ya chombo, na kunyunyizwa shambani kama dawa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, hapa Tanzania, virusi vya viwavijeshi vilijaribiwa kwa kunyunyizwa juu ya viwavi, na viwavi wakafa. Lakini kirusi kilicho uchi ukikinyunyiza juani, umekiua wewe mwenyewe. Hiki husafiri vizuri zaidi ndani ya mwili wa chonga aliye hai. Anayejua ukoo wa kirusi anajua namna ya kukitumia.

Virusi vya wadudu ni vingi, na mbawakawa wana vyao. Mwaka 1963 mtaalamu Constantin Vago, huko Ufaransa, alikuta katika mbawakawa wa nchi hiyo kirusi ambacho ukoo wake ni ule wa kirusi cha ndui, ingawa chenyewe hakimpati mtu. Vipo virusi vingine vinavyofanya mwili wa mdudu mgonjwa ung'ae rangi ya buluu. Vingine huwapooza nyenje miguu. Siku hizi wataalamu hawangoji mdudu augue. Huchukua wadudu wazima, wakasoma maandishi ya urithi yote yaliyomo mwilini, kisha wakachambua yapi ni ya mdudu na yapi ni ya virusi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba kwa njia hiyo wamepata virusi 1,445 katika aina zaidi ya 220 za wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Vingi kati ya hivyo havikuwa vimejulikana kabla.

Je, virusi hivi vinamdhuru mtu? Kirusi cha chonga hakimwambukizi mtu, wala mbuzi, wala kuku. Lakini tusichanganye mambo. Vipo virusi vingine vinavyoishi katika mbu na vinavyompata mtu pia, kama vile vya homa ya manjano na vya homa ya dengi. Hii ni sababu nyingine ya kujua kila kirusi kwa jina na ukoo wake. Si kila kirusi cha mdudu ni rafiki, wala si kila kimoja ni adui.

Chonga asiyeugua

Kwa miaka arobaini watu wa Pasifiki walikitegemea kirusi. Mwaka 2007 chonga wa Asia alionekana katika kisiwa cha Guam. Wataalamu walifanya kama walivyozoea. Walileta kirusi. Lakini chonga wa Guam hawakuugua kama wale wa Samoa. Waliendelea kula na kuzaana, na minazi ikafa kwa wingi.

Wataalamu waliwatazama chonga wale, wakawaona hawana tofauti na wenzao. Waliposoma maandishi yao ya urithi, wakakuta kwamba ni wa kabila jingine la chonga yule yule wa Asia, na kabila hilo linaustahimili ugonjwa. Baadaye chonga wa kabila hilo alionekana Hawaii mwaka 2013, na Visiwa vya Solomon mwaka 2015. Kwa hiyo kazi imeanza upya: kutafuta, huko alikotoka chonga huyo, kirusi cha aina nyingine kinachomweza.

Ona sasa. Haitoshi kumjua kirusi. Lazima kumjua na mdudu. Dawa iliyomponya jirani yako huenda isikuponye wewe kama ugonjwa wako si ule wake.

Na chonga wetu je?

Chonga anayesumbua minazi ya Tanzania na Kenya ni yule wa Afrika. Katika miaka ya 1980 kirusi cha chonga wa Asia kilijaribiwa hapa Tanzania na pia katika visiwa vya Shelisheli, ili kuona kama kitamshinda chonga wa Afrika. Hakikuleta ushindi kama ule wa Samoa. Wadudu hawa ni ndugu, lakini ugonjwa unaomwangusha mmoja haumwangushi mwingine kwa nguvu ile ile.

Kwa hiyo sisi wakulima tusingoje kirusi kitufanyie kazi. Tunayo njia inayofaa kwa kila chonga, awe wa Afrika, wa Asia au wa Guam: kumnyima mahali pa kuzalia.

Chonga hutaga mayai katika magogo ya minazi yaliyooza, katika visiki, na katika malundo ya samadi na takataka. Mnazi ukianguka, usiuache ulale shambani. Ukate vipande, uupasue, uukaushe na kuuchoma, au uutumie kwa kuni. Lundo la samadi lipinduliwe mara kwa mara, na mabuu watakaoonekana wauawe. Kagua minazi michanga. Ukiona tundu lenye makapi yaliyotafunwa, chukua waya wenye ncha iliyopinda, umtoe chonga aliyemo. Fanyeni kazi hii kijiji kizima. Shamba moja likiwa safi na la jirani limejaa magogo, chonga watatoka kwa jirani na kuja kwako.

Na jambo la mwisho. Unapopindua samadi, tazama. Ukikuta mabuu wamepanda juu, wamevimba au wamebadilika rangi, au wamekufa wengi pamoja, usiwatupe kabla ya kumwonyesha bwana shamba. Habari zote tulizosoma leo zilianza na mtu aliyesimama kumtazama buu mgonjwa ndani ya gogo lililooza.

Maswali ya kujadili darasani

1. Chonga anaharibu mnazi kwa njia gani? Ni minazi ipi inayokufa zaidi?
2. Ivanovsky alijuaje kwamba kinacholeta ugonjwa wa tumbaku ni kidogo kuliko bakteria?
3. Katika kumtafuta mwuaji wa mdudu, kwa nini baadhi ya wadudu huachwa bila kulishwa maji ya ugonjwa?
4. Kwa nini kirusi cha chonga kiliondolewa katika ukoo wa bakulovirusi?
5. Kuna tofauti gani kati ya kutumia kirusi cha viwavijeshi na kutumia kirusi cha chonga?
6. Kwa nini chonga wa Guam hawakufa kama chonga wa Samoa?
7. Katika kijiji chetu chonga wanazalia wapi? Tupange siku ya kusafisha mahali hapo, na nani afanye nini.